Reli Pembeni ya Do

Naichukia ile programu ya kutyuni piano iliyokuwa kwenye simu ya mwalimu wa kwaya. Naichukia taa yake ya kijani. Nachukia jinsi ilivyokubali kila nilichofanya, kimyakimya, kama mtu anayekuitikia huku hakusikilizi. Najua simu haina kosa. Mama mdogo alishaniambia hivyo, tena kwa ukali. Lakini hili ni daftari langu, na humu ndani nina ruhusa ya kuchukia kitu kisicho na kosa.

Kigango chetu kiko nje kidogo ya mji wa Ifakara, upande wa barabara ya Mlimba. Kanisa lina bati jipya upande mmoja na bati kuukuu upande mwingine, na lina piano. Watu wakisikia piano wanadhani tunasema kinanda cha umeme. Hapana. Ni piano ya mbao, imesimama kama kabati la vyombo, ina nyuzi zaidi ya mia mbili tumboni. Aliiacha sista wa Kizungu aliyekuwa akifundisha ushonaji. Kabla hajaondoka alimfundisha mama mdogo kuipiga na kuikaza, akamwachia na ufunguo wa kukazia: chuma chenye mpini wa mbao, mwishoni kina tundu la kuvalisha kwenye pini ya uzi.

Mama mdogo ni mdogo wake mama, na ndiye ninayeishi naye. Anafua mashuka kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi. Kila Jumamosi alifungua tumbo la piano, akabana nyuzi kwa vipande vya kandambili alivyovikata kama kabari, akaacha mmoja ulie, halafu akaufungulia wa pili asikilize kama unagombana na mwenzake. Neno lake ndilo hilo. Nyuzi zisipolingana hutetema, wowowowo, naye husema zinagombana. Akizungusha pini kidogo, ile wowowo inapungua, inakuwa ya polepole, inakwisha. "Zimepatana," anasema, anahamia nyingine. Wakati wa masika aliweka balbu ndani iwake ili unyevu usile nyuzi. Hakuna aliyemwomba. Hakuna aliyemshukuru pia, na yeye hakuwa mtu wa kushukurika. Ukipita karibu wakati anasikiliza, hata ukiwa mwenyekiti wa kwaya, utaambiwa, "Tembea kama una miguu, siyo kwato."

Mimi nilikuwa kidato cha tatu. Siongei mbele za watu. Nikisimamishwa darasani kusoma, viganja vinatoka jasho mpaka karatasi inalowa. Lakini kwenye misa ya kwanza nilikuwa napiga piano, kwa sababu piano ile mgongo wake umewageukia waumini, na ukikaa nyuma yake huonekani isipokuwa na wale wa besi. Hapo ndipo mahali pekee nilipokuwa na kazi. Sitajifanya mnyenyekevu: nilipahitaji.

Na nilikuwa na siri. Nilijua Do moja tu. Kwaya yetu inasoma nota za sol-fa, d r m f s l t, na Do yetu huhama: wimbo huu Do ni D, ule Do ni G. Nyimbo nyingi za daftari letu ni Do D, kwa hiyo mwalimu wa kwaya alibandika plasta nyeupe za kufungia vidonda kwenye vibonyezo, akaziandika herufi kuanzia hapo. d hapa, r pale, m kwenye kile cheusi. Mimi nilijifunzia kwenye plasta hizo. Mama mdogo alikuwa anapiga Do yoyote utakayomtajia, na plasta zile alizidharau. "Mmeibandika vidonda piano nzima," alisema.

Balaa lilianza kwaya iliponunua kinanda cha umeme. Kilikuja na kijana wa kukipiga, mwanafunzi wa chuo, hedifoni shingoni hata wakati wa sala. Siku ya kwanza aliponiona nyuma ya piano aliuliza, "Huyu anaongea, au na yeye mpaka akazwe?" Akaniita Bi Kimya. Kwaya nzima ikalidaka jina, hadi watoto wa Utoto Mtakatifu.

Kinanda na piano havikulingana. Piano ilikuwa imeshuka kwa uzee. Mama mdogo aliipatanisha yenyewe kwa yenyewe, lakini yote kwa pamoja ilikuwa chini ya kinanda, hata mtu asiyeimba alisikia. Na Askofu alikuwa anakuja mwezi wa sita kutoa kipaimara. Mwalimu wa kwaya alitaka siku hiyo vipigwe vyote viwili pamoja. Akamwambia mama mdogo aipandishe.

"Nyuzi hizi zimekuzidi umri, mwalimu. Nikizivuta zinakatika. Na Ifakara nzima huna duka la kununua uzi mmoja."

"Basi mama, mimi nasema hivi. Mazoezi ya Jumamosi ijayo, kama haikubaliani na kinanda, inatoka. Pale tunaweka spika."

"Inatoka inakwenda wapi?"

"Stoo. Au seremala aje aangalie mbao."

Mama mdogo alijifunga kanga vizuri akaondoka bila kuaga. Jumatatu akapanda gari kwenda kijiji cha Mbingu kuvuna mpunga wake, kama mtu ambaye hayamhusu. Nilimchukia kwa hilo. Yeye alikuwa amesusa, na mimi ndiye nitakayetolewa nyuma ya piano na kusimamishwa mbele, mstari wa sauti ya pili, mikono ikining'inia haina cha kushika, kijana wa kinanda akiniangalia.

Jumanne, shule zikiwa zimefungwa, mwalimu alinikuta nafagia kanisa. Alitoa simu mfukoni kwa mbwembwe.

"Umeshaona hii? Inasikiliza uzi, inakuambia ni nota gani, imepanda au imeshuka. Ikiwa sawa inawaka kijani. Siku hizi mafundi wa piano duniani wanatumia hizi. Mama yako mdogo anatumia masikio, na masikio yanazeeka."

"Ufunguo anao yeye," nikasema.

"Na wewe unalala nyumba gani?"

Ufunguo ulikuwa kwenye sanduku lake la bati, chini ya vitenge vya sikukuu. Niliuchukua. Ngoja niandike vizuri: niliuiba.

Programu ilipofunguka iliuliza tunataka majina gani ya nota, A B C au Do Re Mi. Mwalimu akacheka. "Tuchague ya kwetu." Nikabonyeza d. Kioo kikaandika Do, na pembeni yake alama ya reli, ile tunayobonyeza mwisho tukinunua bando. Taa nyekundu.

"Hiyo reli ya nini?" nikauliza.

Mwalimu aliinamia simu. Alifikiri kwa muda mfupi sana, nakumbuka ulivyokuwa mfupi. "Inaonyesha bado haijakaa sawa. Zungusha mpaka reli iondoke."

Nikakaza kidogo, reli haikutoka, na uzi ukaanza kulia ndani kwa namna iliyonitisha. Nikalegeza. Nikalegeza tena. Reli ikaondoka, ikabaki Do peke yake, kijani.

"Umeona?"

Kwenye r ikaandika Re na reli. Nikalegeza mpaka reli ikatoka. Kwenye m ikaandika Fa kabisa. "Hiyo imepotea mbali," mwalimu akasema, "irudishe nyumbani." Nikailegeza mpaka ikasema Mi, kijani. Hapo nikapata ujasiri wa kuuliza.

"Mwalimu, mbona tunalegeza? Mama mdogo alisema inatakiwa ivutwe."

"Ndiyo hayo masikio ninayokuambia. Simu inasema imepanda. Wewe unaamini nani, mtu au mtambo?"

Niliamini mtambo. Naandika hili nikiwa nimekaza meno. Niliamini kwa sababu lilinifaa: hakuna uzi uliokatika. Mama mdogo alisema zitakatika zote, na mimi nilikuwa nimeshafanya uzi wa ishirini, wa thelathini, hakuna hata mmoja. Nikajiona fundi. Nikamwona yeye mwoga aliyejificha nyuma ya ukali miaka yote hiyo.

Mwalimu aliniachia simu kila asubuhi akiwa ameitoa laini, jioni anaichukua. Nilifanya Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Vile visivyo na plasta niliviweka kwa kusikiliza tu, kila kimoja katikati ya majirani zake, na hivyo ndivyo vilivyonichosha kidogo kuliko vyote. Mgongo uliniuma, kidole gumba kikatoka lengelenge. Na masikio yangu yalikuwa yananiambia kitu. Sauti ya piano ilikuwa imenenepa. Ilikuwa kama mtu aliyeamshwa usingizini akaulizwa swali. Niliisikia. Kila nilipoisikia niliangalia kioo, kioo kikaniambia kijani, na mimi nikaendelea. Ningeweza kuilinganisha na kinanda, lakini kijana alikuwa anakilaza chumbani kwake, na kumfuata kijana chumbani kwake kumwomba kitu, mimi? Afadhali nife.

Jumamosi saa tisa kwaya ikajaa. Mwalimu akasimama mbele, akatangaza kwamba leo watasikia maajabu.

"Bi Kimya," kijana akasema, "lete Do hiyo."

Nikabonyeza d. Naye akabonyeza D ya kwenye kinanda.

Sijui nielezeje. Mwanzo piano ilikuwa nusu hatua chini yake. Sasa ilikuwa hatua nzima. Kijana aliweka mkono sikioni kama anapokea simu.

"Duh! Moja iko Ifakara, mwenzake kashuka Mlimba!"

Kanisa likalipuka. Akina mama wa sauti ya kwanza walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kijana akapiga tena, akaigiza sauti ya piano kwa mdomo, nzito, kama ng'ombe. Niliangalia vidole vyangu.

"Nani aliigusa hii mara ya mwisho?" akauliza mwenyekiti wa kwaya, mama mmoja muuza vitenge sokoni ambaye huwa hacheki ovyo, na siku hiyo hakucheka.

"Si yule mama na kiufunguo chake," kijana akasema.

Mwenyekiti akamgeukia mwalimu. Mwalimu akaniangalia mimi. Tuliangaliana. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, naiona. Akasema, "Niliwaambia huyu mama atatuharibia. Mtu akisusa anaweza kufanya lolote."

Na mimi nikanyamaza.

Watu wamezoea kusema aibu ni tabia njema kwa msichana. Siku ile aibu yangu ilimsingizia mtu. Niliendelea kukaa pale, mwalimu akapanga vijana wanne waje kesho baada ya misa kuitoa piano, na sikufungua mdomo hata kukohoa.

Mama mdogo alifika jioni ile ile na gunia la mpunga kwenye bodaboda. Dereva ni mwimbaji wa tenor kwenye kwaya yetu. Alimweleza njia nzima jinsi alivyoiharibu piano. Mama mdogo alishusha gunia mlangoni, hakuingia ndani, akaenda moja kwa moja kanisani na matope ya shamba miguuni. Nikamfuata kwa mbali. Jua lilikuwa bado halijazama.

Alibonyeza kimoja. Akabonyeza cha pili, cha tatu, akapanda hadi juu, akashuka hadi chini. Hakufungua tumbo.

"Mtu anayeharibu kwa hasira hawezi kukosea sawasawa hivi," alisema. Hakugeuka, lakini alijua nipo. "Zote zimeshuka nusu hatua tena. Zote. Ufunguo wangu uko wapi?"

Nikautoa chini ya sketi nilipoufunga. Nikamweleza. Nilipofika kwenye reli alinikatiza.

"Iliandika nini? Sema tena."

"Do. Na reli pembeni. Mwalimu akasema bado haijakaa sawa."

Alicheka. Nilitamani anipige kuliko kile kicheko. "Reli siyo uchafu, wewe. Hiyo ni nota nyingine. Ni iliyo juu ya Do, kabla hujafika Re. Simu iliwaambia ukweli siku nne mfululizo. Ilisema, hiki kibonyezo kinalia hapa. Na Do ya simu haihami, imekaa pale pale kwenye C siku zote. Ninyi mkachukua Do yenu ya plasta mkaivuta mpaka kwa Do yake. Mmehamisha nyumba kwa sababu majina ya barabara yamefanana."

"Irudishe, mama mdogo."

"Nirudishe wapi? Nikiirudisha ilipokuwa, haikubaliani na kinanda. Nikiivuta hadi kwenye kinanda, sasa ni mbali mara mbili, zitakatika kama tambi." Akafuta vidole vyake kwenye kanga. "Walisema nani aliharibu?"

"Walisema ni wewe."

"Na ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ukanyamaza."

Alikaa kwenye kiti changu akapiga wimbo mmoja wa sadaka, polepole, kwenye ile sauti nzito. Mimi nikiwa nimesimama pale nikasikia kitu cha ajabu: yenyewe kwa yenyewe, piano ilikuwa imepatana. Kasoro za hapa na pale, lakini imepatana. Ilikuwa chini tu. Chini hatua nzima kamili, wala si zaidi wala si pungufu. Na yule kijana, ambaye ana kiburi cha kunicheka mimi, na yeye anajua Do moja tu. Nilishamwona. Kila mwalimu akitaja Do nyingine anabonyeza kitufe cha kupandisha au kushusha, kila akibonyeza kinanda kinahama nusu hatua, vidole vyake vinabaki pale pale.

"Mama mdogo," nikasema, "akishusha kinanda mara mbili?"

Aligeuka kuniangalia. Sitadanganya kwamba uso wake ulilainika. "Utakwenda kumwambia wewe," alisema. "Na lile lingine utalisema wewe. Mimi sifungui mdomo wangu kwenye kwaya ile."

Jumapili baada ya misa vijana wanne walikuwa wameshavua mashati ya kwaya. Wawili walishika piano ubavuni. Mama mdogo alikaa benchi la nyuma kabisa, rozari mkononi, kama mgeni. Nikasimama mbele ya piano, siyo nyuma yake.

"Siyo yeye," nikasema.

"Sauti!" akapiga kelele mtu wa besi. Watu wakacheka.

"Siyo mama mdogo! Ni mimi. Niliiba ufunguo. Nilitumia simu ya mwalimu, na mwalimu ndiye aliyenipa. Alisema nizungushe mpaka reli itoke, na reli ni nota."

Kicheko kilikatika vipande vipande, huku kimekwisha, kule bado. Mwalimu akapangusa paji la uso.

"Simu nilimwazima tu," akasema. "Kuhusu reli sikumbuki."

"Mimi nakumbuka," nikasema. Nikamgeukia kijana. "Shusha kinanda mara mbili."

"Kinanda cha watu nikishushe kwa ajili ya kabati?"

Sikusubiri. Nilinyoosha mkono juu ya mikono yake, nikabonyeza kitufe cha kushusha, mara moja, mara mbili. Alinisukuma kwa kiwiko. Nikampiga kofi la mkononi, dogo, mbele ya tabenakulo, Mungu anisamehe, na nikabonyeza D yake huku mkono mwingine umefika kwenye d yangu.

Hazikugombana. Hakukuwa na wowowo hata kidogo. Ilikuwa sauti moja.

Mwenyekiti alikuja karibu akabonyeza mwenyewe, r na r, m na m, kwa kidole kimoja, kama anapima kitenge. "Zinapatana," akasema. "Basi haitoki. Ninyi, vaeni mashati."

Kwa hiyo haikutoka. Mpaka leo ipo pale. Besi walilalamika kwamba nyimbo zimeshuka mno, wanatafuta sauti chini ya mabenchi, na kweli kwenye wimbo wa kuingia siku ya kipaimara watatu walipotea kabisa wakabaki wanafungua midomo. Nyuzi zilizolegezwa hazikai. Kwa wiki kadhaa zilikuwa zinatambaa, kila siku chache zinaanza ugomvi upya, na mama mdogo anakwenda kuzituliza. Mimi namshikia vipande vya kandambili. Hanisemeshi ila "hapa" na "toa". Sanduku la bati sasa lina kufuli.

Mwalimu wa kwaya alimweleza paroko kwamba kwa msaada wa teknolojia tumeweza kuilinganisha piano na kinanda kwa mara ya kwanza. Alimweleza mbele yangu, mkono wake juu ya bega langu, akasema na huyu binti alinisaidia kidogo. Mama mdogo hakumtaja.

Tangu siku hiyo simpi shikamoo. Mkubwa wangu, mwalimu, na bado simpi. Mara ya kwanza nilidhani nitashindwa, kwa sababu neno lenyewe linatoka mdomoni kabla mtu hajafikiri. Wiki iliyopita alinisimamisha mlango wa sakristia mbele ya watu wawili.

"Binti, siku hizi husalimii wakubwa?"

Nilimsikia vizuri. Nilichukua kitambaa, nikaenda kufuta vumbi la piano, kuanzia kushoto.